Mitaa ya Mji wa Bujumbura na Jinsi Ilivyogawanywa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jambo ambalo wanafunzi huliuliza sana katika somo la jiografia, nalo ni hili: kwa nini hapa Bujumbura mtu akitaja mtaa anaokaa, wenzake hudhani wamekwisha kumjua, kabila lake, kazi ya baba yake na hata chama chake? Wanafunzi wa zamani wasomao kurasa hizi ugenini wanajua nisemalo. Katika miaka ya vita dhana hiyo ilitosha kumwua mtu. Siku hizi haina nguvu hiyo, lakini haijatoka vichwani mwetu.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, basi msomaji asishangae nikiusifu mtaa wetu kidogo. Nitajaribu kutoupunja mwingine.

Kwanza tuitazame ramani. Ziwa Tanganyika liko magharibi, milima iko mashariki, na mji umebanwa katikati. Mito huteremka kutoka milimani, hukata mji, ikaingia ziwani. Ikumbuke miwili: Ntahangwa upande wa kaskazini ya katikati ya mji, na Muha upande wa kusini. Katikati pana Rohero, penye benki na ofisi, na juu yake Kiriri, kilimani, penye upepo. Kando ya Rohero uko mtaa wa Waasia, kisha Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga. Ukivuka Ntahangwa kwenda kaskazini unakuta Ngagara, Cibitoke, Kamenge, Kinama, Gihosha na Buterere. Ukivuka Muha kwenda kusini unakuta Kinindo, Musaga na Kanyosha.

Hakuna lolote katika mpango huo lililoota lenyewe kama uyoga. Wajerumani walijenga boma hapa mwishoni mwa karne ya 19, na mji ukaitwa Usumbura. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916, kisha wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Wao ndio waliochora mji wa sehemu mbalimbali: Wazungu mahali pao, wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kigiriki wakiwa kati kati, na Waafrika nje ya hapo. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaijua habari hii kwa majina tu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wao wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu hupunga upepo, uliachwa wazi ili uwe mpaka kati ya maduka ya Wahindi na nyumba za Waafrika wa Kariakoo. Kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Wabelgiji waliacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakisema mbu wa malaria hataweza kuruka umbali ule. Mpishi, dobi na yaya waliuvuka kila alfajiri, na hakuna aliyewaogopa.

Hapa kwetu mitaa ya Waafrika ilipewa jina la ajabu katika sheria: vituo vilivyo nje ya mila. Maana yake ni kwamba wakazi wake hawakuwa chini ya watwale wa Mwami kama watu wa vilimani, bali chini ya serikali ya Kibelgiji, pamoja na chifu na baraza la mtaa. Vituo hivyo hapa vilikuwa viwili. Kimoja ni Buyenzi, na kingine kiliitwa Belge, ndiyo Bwiza ya leo. Buyenzi ilipimwa kwa ajili ya Waswahili, ambao kabla ya hapo walikuwa na kijiji chao karibu zaidi na katikati ya mji, wakahamishwa. Neno Waswahili lilikuwa kapu kubwa: Wamanyema wa Kongo, watu wa Ujiji na Tabora, Waislamu wa nchi hii, wachuuzi, wavuvi, mafundi, na watumishi wa misafara ya zamani. Serikali haikupenda watawanyike vilimani wakaeneza dini yao na lugha yao. Iliwaona kama maji ya kuzuiwa kwenye mtungi.

Barabara za Buyenzi zilichorwa kwa rula, nazo zikapewa namba badala ya majina. Hata leo mtu wa kwetu akikuelekeza nyumbani kwake hatakutajia jina la mtu mashuhuri, atakuambia avenyu ya ngapi, na hutapotea.

Kupanga mji, msomaji, si kuchora barabara tu. Ni pia kuamua nani ana haki ya kukaa. Serikali ya Kibelgiji iliweka kodi juu ya mwanamke aliyehesabiwa kwamba anaishi peke yake mjini: mjane, mtalaka, hata mke wa pili ambaye ndoa yake haikutambuliwa. Kwa kodi hiyo mwanamke wa heshima aliandikwa kitabuni kana kwamba ni malaya. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa. Walipinga hadharani, na kelele yao ikafika mbali kuliko wakubwa walivyotazamia. Naitaja kwa sababu vitabu vyetu vya historia huanza habari za siasa za Usumbura kwa wanaume na vyama vyao. Ni kweli kwamba Buyenzi ilimwunga mkono sana Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore hata chama chake cha UPRONA kikashinda Septemba 1961, wiki chache kabla ya kuuawa kwake tarehe 13 Oktoba. Lakini wale akina mama walikuwa wametangulia.

Sasa tuvuke Ntahangwa, maana huko ndiko ulikozaliwa mgawanyiko tunaoujua sisi. Mwaka 1952 serikali ya Ubelgiji iliunda idara ya kujenga nyumba za Waafrika katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi. Idara hiyo ilijulikana kwa herufi OCAF, na wazee bado huiita Ngagara kwa jina hilo: "Nakwenda OCAF." Zilikuwa nyumba za matofali, zenye mabomba na barabara pana, na zilimfaa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi: karani, mwalimu, fundi wa serikali. Asiye na mshahara alitafuta chumba au kiwanja Kamenge, baadaye Kinama, akajenga kwa matofali mabichi ambayo hapa huitwa rukarakara.

Tafadhali simameni hapa kidogo, maana hapa ndipo penye fundo la maneno yangu. Hakuna sheria iliyosema kwamba Ngagara ni ya Watutsi na Kamenge ni ya Wahutu. Kule Afrika ya Kusini sheria ya mwaka 1950 ilisema waziwazi mtaa huu wa rangi hii na ule wa rangi ile, na mwaka 1966 mtaa wa District Six wa Cape Town ukatangazwa kuwa wa Wazungu. Hapa haikuwa hivyo. Hapa nyumba ilifuata kazi. Wakoloni walikuwa wamewapa kipaumbele Watutsi, hasa wa jamaa za watawala, katika shule na kazi za serikali, na baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 mlango wa kazi hizo ulizidi kuwa mwembamba kwa Wahutu. Mwaka 1972 Wahutu wengi mno waliuawa, hasa waliosoma: makarani, walimu, wanafunzi waliochukuliwa kutoka madarasani. Ukiondoa watu wa kabila moja katika kazi za mshahara, umewaondoa pia katika nyumba zinazogawiwa kwa mshahara, na huhitaji kuandika neno kabila katika karatasi yoyote ya mipango ya mji. Mchora ramani anaweza kuapa kwamba hana ubaguzi, na kiapo chake kikawa cha kweli, na mji ukagawanyika vilevile.

Dalili zilikuwapo mapema. Januari 1962, hata kabla ya uhuru, vijana wa Kitutsi wa chama waliingia Kamenge wakawaua viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi. Yaani tayari wakati ule mtaa ulikuwa umepewa kabila.

Vita vilipokuja, ramani ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Rais Melchior Ndadaye alichaguliwa Juni 1993, akauawa tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule. Katika miaka miwili iliyofuata Watutsi walikimbia Kamenge na Kinama, Wahutu wakakimbia Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga. Kulikuwa na siku ambazo vijana walifunga barabara zote, watu wakaziita siku za mji uliokufa. Kamenge na Ngagara zimepakana, lakini ilikuwa kama pana bahari katikati. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, wakazi wakatoka, na mtaa ukabaki magofu na majani.

Na Buyenzi je? Sitaki kusema uongo kwa ajili ya mapenzi ya kwetu. Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi pia, Wahutu wengi wakafukuzwa, na Wakongo wengi wakakimbia. Pamoja na hayo mtaa wetu haukupata kuwa wa kabila moja kama mingine. Watu wa pande zote mbili walikuja kujificha kwetu, na wengine walirudi mapema. Wengi husema ni kwa sababu ya dini, na dini ilisaidia, kwani msikitini mstari haupangwi kwa kabila. Lakini mimi naona sababu nyingine ya chini zaidi, ya nyumba yenyewe. Kwetu mwenye kiwanja hujenga vyumba kuzunguka ua, akapangisha chumba kimoja kimoja. Uani kuna bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Fundi cherehani Mhutu, mchuuzi Mtutsi, Mmanyema na mjane wake wanakaa ua mmoja, wanagombana kwa ajili ya ndoo, na jioni watoto wao wanakula sinia moja. Kodi hulipwa kwa mwezi hata kwa wiki, wala mwenye nyumba haulizi karatasi ya mshahara. Mtaa ambao serikali iliuchora ili uwafungie watu wa namna moja ndio ulioweza kuwachanganya watu wa kila namna, kwa kuwa mlango wake haukufunguliwa kwa ufunguo wa kazi ya serikali. Simaanishi kwamba umaskini ni jambo la kusifiwa. Ule msongamano una kipindupindu ndani yake. Nasema tu kwamba nyumba za kupanga za bei ndogo, zikiwa karibu na soko na kazi, zilifanya lile ambalo mikutano mingi ya upatanisho haikuliweza.

Jambo la pili lililofaulu liko kaskazini. Mapadre Waksaveri walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge, kwa ajili ya mitaa sita: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Angalieni mahali kilipowekwa. Hakikuwekwa Rohero ambako ni kwa kila mtu na si kwa mtu yeyote; kiliwekwa pale pale mitaa inapopakana, pakawa na viwanja vya mpira, vitabu na mafunzo. Kijana wa Ngagara aliyetaka kucheza mpira alilazimika kukutana na kijana wa Kamenge, na si mara moja kwa mwaka bali kila juma. Kituo kilidumu kupita vita, na mwaka 2002 kilipewa ile tuzo ya Sweden ambayo wengine huiita Nobeli ya pili, Right Livelihood.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na katiba ya mwaka 2005 iliyoufuata, viligawa madaraka kwa hesabu: katika serikali na Bunge la Taifa, Wahutu 60 kwa 100 na Watutsi 40, katika jeshi nusu kwa nusu, na Watwa wakatengewa viti vitatu katika kila baraza la Bunge. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya kushughulikia ardhi na mali za waliokimbia. Juu ya mitaa ya mji, hesabu hizo zilinyamaza. Nadhani zilifanya vizuri kunyamaza, ingawa najua wapo wasiokubaliana nami. Singapore tangu mwaka 1989 imeweka kipimo katika majumba ya serikali: kila jengo lina kiasi cha Wachina, Wamalei na Wahindi lisichoweza kukipita. Wao wanaona imewafaa. Lakini kule serikali ndiyo iliyojenga nyumba za watu wengi zaidi, nasi tunajenga wenyewe tofali kwa tofali. Tena katika nchi ambamo watu waliuawa vizuizini kwa kuulizwa kabila lao, sitaki kumwona karani akiuliza swali lile lile mlangoni pa nyumba, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Kuna njia nyingine, nayo huanzia mbali na kabila: maji, njia, soko na kiwanja.

Maji kwanza. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha, na maji ya milimani yakashuka juu ya mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama hasa. Watu zaidi ya 60 walikufa, na maelfu wakakosa makao. Kuta za rukarakara zikilowa huyeyuka kama sukari. Mvua haina kabila, lakini mifereji inayo, kwa njia ile ile niliyoieleza: ilichimbwa kwanza na kujengewa vizuri kule walikokaa wenye mishahara. Vilevile kwa miaka mingi taka za mji zilipelekwa Buterere. Aliyezizalisha Rohero hakuziona tena. Mtoto wa Buterere alizipitia akienda shule.

Kisha njia na soko. Mabasi yetu karibu yote huishia katikati ya mji. Mtu wa Kinama anayekwenda Musaga hushuka katikati, akatafuta jingine. Ni usumbufu, lakini kwa miaka mingi ulikuwa na faida moja isiyokusudiwa: watu wa mitaa yote walikutana katika Soko Kuu. Hata miaka ya vita, Mhutu wa Kamenge na Mtutsi wa Musaga walipimiana maharagwe pale. Tarehe 27 Januari 2013 soko liliteketea. Watu walizungumza juu ya mali iliyoungua, na ilikuwa nyingi kweli. Wachache walizungumza juu ya mahali pa kukutania palipopotea. Wachuuzi walitawanyika katika masoko ya mitaani, kila mmoja karibu na kwao. Na Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya mji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajali, nazo zilikuwa nyingi, sikatai. Lakini abiria wa baiskeli ni nani? Si mtu wa Kiriri. Ni muuza ndizi wa Kinama na mama wa Kanyosha mwenye beseni la dagaa. Amri ya usalama barabarani iligeuka kuwa amri juu ya nani afike katikati kwa bei nafuu.

Kuhusu mipaka ya utawala niseme machache. Mwaka 2014 komini 13 za mji zilikusanywa zikawa tatu, Mukaza, Muha na Ntahangwa, na Ntahangwa ikapewa mitaa ile ile sita ya kituo cha vijana, Kamenge na Ngagara chini ya ofisi moja. Mwaka 2019 Gitega ikafanywa makao makuu ya siasa, Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Kisha mwaka 2025 mji wote ukaingizwa katika mkoa mpya mkubwa wa Bujumbura. Ofisi moja ni jambo jema pale tu inapochimba mfereji Kinama kama inavyouchimba Gihosha.

Kiwanja ndilo neno la mwisho, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Mji ulikuwa na watu karibu nusu milioni katika hesabu ya mwaka 2008, nao umekua sana tangu hapo, ukipanda vilima na kushuka kusini. Kila mtaa mpya unaopimwa unaweza kuwa Ngagara nyingine au ukawa kitu kingine. Ikiwa viwanja vyote ni vikubwa na vya ukubwa mmoja, vikanunuliwa na wenye mikopo ya benki peke yao, tutapata tena mtaa wa watu wa ofisi, na kabila litafuata ofisi kokote litakakokuwa wakati huo. Ikiwa katika barabara moja kuna kiwanja kikubwa, viwanja vidogo vitatu na ua wa vyumba vya kupangisha, na ikiwa majina ya wanaopewa yanachaguliwa kwa kura mbele ya watu na kubandikwa ukutani, mtu hatahitaji binamu ofisini ili apate pa kujenga. Na Watwa, ambao wengi hawana ardhi hata kule vilimani na mjini hawatajwi kabisa, wahesabiwe tangu siku ya kwanza ya kupima.

Wanafunzi wa zamani walio katika upimaji wa ardhi na katika ofisi za komini, najua mpo, na wengine tulikaa nanyi dawati moja. Mhariri amewatengea kurasa mbili katika toleo lijalo. Tuandikieni jinsi viwanja vinavyogawiwa katika mitaa mnayoipima ninyi wenyewe, na kama majina hubandikwa ukutani.